Mnaotengeneza apu za kutuelekeza sisi tusioona, someni hii kabla hamjaanza kuandika msimbo

#1 (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu habari za saa hii. Uzi ni mrefu, ukiwa na haraka rudi jioni.

Mimi sioni. Natembea na fimbo nyeupe, natumia simu ya Android na TalkBack, ile programu inayonisomea skrini kwa sauti, kutoka asubuhi mpaka nilale, na sehemu ya kazi yangu ni kujaribu apu za watu halafu nawaambia zinakwama wapi kwa mtu asiyeona. Kila muhula ukikaribia kuisha napata meseji za wanafunzi wa vyuo hapa Nairobi, vijana wenye roho safi kabisa, na projekti zao karibu zote ni mbili tu: fimbo yenye sensa inayolia ikikaribia ukuta, ama apu inayosema "baada ya mita hamsini pinda kushoto". Nataka mfaulu, na ndio maana naongea wazi.

Tuanze na ukuta. Ukuta haunisumbui, fimbo inaupata kabla sijaufikia na mara nyingi nautafuta makusudi ndio niufuate mpaka kona. Kinachoniumiza kiko juu, mabati ya kibanda yaliyochomoza usawa wa uso, kamba ya turubai, kioo cha lori lililopaki juu ya njia ya miguu. Fimbo inasoma chini, kuanzia kiunoni kwenda juu haijui kitu. Watu wa IIT Delhi, chuo cha teknolojia kule India, walielewa hii maneno, SmartCane yao iliyotoka 2014 ni kifaa unachofunga juu ya fimbo ya kawaida, kinatetema kukiwa na kitu kati ya magoti na kichwa. Fimbo wakaiacha ifanye kazi yake. Hapa nyumbani naletewa kifaa kinachotaka niache fimbo, na hapo kwa njia kuna shimo la maji taka limeibwa kifuniko, na sensa inayoangalia mbele shimo haioni, inaona hewa tu inasema songa.

Sasa GPS. Simu ya kawaida mahali pa wazi inakosea kama mita tano hivi. Kwa mtu wa gari mita tano si kitu, kwangu mimi hiyo ndio tofauti ya kuwa kando ya Moi Avenue na kuwa katikati yake. Na hiyo ni mahali pa wazi, ukiingia tao kwa maghorofa mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta yanarudi, simu inahesabu safari ndefu kuliko ilivyo, ghafla inakuambia uko barabara ya pili. Tena ukisimama haijui umeangalia wapi, kwa sababu GPS inajua mwelekeo ukiwa unasonga, na dira ya ndani ya simu inavurugwa na vyuma, na tao kila mahali ni chuma, geti, matatu, mabati. Kwa hivyo apu inaponiambia "pinda kushoto sasa" kwa sauti ya uhakika kabisa, inanidanganya kuhusu uhakika wenyewe, na mtu anayeiamini anaweza kuingia barabarani.

Acheni niwaonyeshe safari moja venye naifanya, kutoka steji ya Railways mpaka Archives, lile jengo la kumbukumbu za taifa. Nikishuka kwa matatu ya Rongai nasimama kwanza, nasikiliza Haile Selassie iko wapi, huwezi kuikosa, ni ile ngurumo ndefu isiyokatika na magari mazito. Kuvuka pale siendi peke yangu, nauliza mtu, naomba kiwiko chake, tunavuka pamoja na hilo halinipunguzii chochote. Nikishavuka naiweka ngurumo nyuma yangu na nafuata Moi Avenue kwa ukingo wa majengo. Pale kwa bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7 ukuta wa sauti unafunguka, unasikia nafasi, hewa inabadilika, hapo najua niko wapi bila kumuuliza mtu. Kama ni asubuhi na kuna jua nalihesabu pia, mashariki iko kulia kwangu nikienda juu, shavu la kulia linapata joto kila nikifika pengo la majengo. Halafu steji ya Ambassadeur unaijua kwa makanga, kila mmoja anaita laini yake, na Archives unaijua kwa wahubiri na umati uliosimama. Hiyo ndio ramani yangu.

Mahali mimi hukwama si huko njiani. Nakwama nikifika. Jengo ninalotaka liko hapa karibu, apu imesema "umefika", na mlango uko upande wa pili ama juu ya ngazi kati ya duka la simu na mtu wa fotokopi. Kwa hizo hatua za mwisho hakuna apu imewahi kunisaidia vizuri.

Kwa hivyo ombi langu kwa developa ni moja, msinielekeze, nijulisheni. Niambie barabara niliyo juu yake, niambie iliyo mbele, ninachopita kulia na kushoto, na kama huna uhakika sema huna uhakika. Kuamua niende wapi ni kazi yangu.

Hii si wazo langu mpya. Mnamo 1985 pale chuo kikuu cha California, Santa Barbara, Jack Loomis, Reginald Golledge na Roberta Klatzky walianza mfumo wa kuongoza wasioona kwa setilaiti. Golledge alikuwa mtaalamu wa jiografia na alikuwa amepoteza macho 1984, kwa hivyo alikuwa ndani ya utafiti na pia mtumiaji. Mashine ilikuwa ya kubeba mgongoni kama mkoba wa safari, na wakajaribu kufanya majina ya majengo yasikike kwa masikio yakitoka upande ule jengo lilipo. GPS ya raia enzi hizo ilikuwa inaharibiwa makusudi na Marekani, makosa hadi mita mia, mpaka Mei 2000 ndio wakaondoa. Microsoft wakaichukua njia hiyo ya sauti zenye upande kwa apu yao ya Soundscape ya 2018: unapita kafe upande wa kulia, jina la kafe linasikika sikio la kulia, na pale unapoenda panalia mlio unaousikia umetoka huko. Hakuna "pinda". Mimi niliijaribu kwa simu ya mtu kwa sababu ilikuwa ya iPhone tu, na nilielewa mara moja kwamba huyu aliyetengeneza ameketi na sisi. Mwaka 2023 Microsoft wakaifunga lakini msimbo wakauacha wazi kwa yeyote. Yaani uko pale, wanafunzi wangu, chukueni.

#2

Dada asante sana kwa huu uzi, mimi ni mmoja wa hao wanafunzi na nakiri projekti yangu ilikuwa fimbo ya sensa hadi leo asubuhi. Swali langu, mbona usitumie kamera? Saa hii AI inaweza kuangalia picha ikakuambia kila kitu kilicho mbele yako, ata kusoma kibao cha mlango. Si hiyo inamaliza hizo hatua za mwisho ulizosema?

#3 (mwanzilishi wa uzi)

Swali zuri na nashukuru umeuliza. Kamera naipenda, nyumbani. Be My Eyes iliyoanzia Denmark 2015 naitumia, unampigia mtu wa kujitolea kwa video anakusomea barua ama tarehe ya maziwa, na tangu 2023 wameweka AI unapiga picha inakuelezea. Inafanya kazi vizuri sana nikiwa nimeketi.

Lakini kaka fikiria nikiwa River Road. Mkono mmoja una fimbo. Huo mwingine unataka uinue simu juu, mbele ya uso, mtu asiyeona, katikati ya tao. Simu itaenda na sitajua ata ilienda upande gani. Watu wanaoona wenyewe wanaingia duka ndio wapokee simu! Kwa hivyo kitu cha kwanza kabisa kwa muundo wako ni kwamba simu inakaa mfukoni ama ndani ya nguo, skrini imezimwa, na kila kitu nafanya kwa kitufe cha iyafoni, nikibonyeza mara moja inasema niko wapi, mara mbili inasema kuna nini karibu. Na hapo utakutana na shida nyingine ya Android, simu nyingi za bei ya chini zinaua apu iliyo nyuma ili kuokoa betri, skrini ikizimika dakika chache GPS imelala. Hujajaribu hiyo kwa simu ya bei nafuu hujajaribu kitu.

Iyafoni nayo nina neno. Usiniambie nizibe masikio yote mawili. Masikio ndio macho yangu, nasikia gari, nasikia nduthi inayokuja upande usiofaa, nasikia mwangwi wa fimbo ukibadilika nikifika uchochoro. Ni sikio moja, ama zile zinazopitisha sauti kwa mfupa na sikio likabaki wazi. Na maneno yawe machache, lile muhimu lije kwanza. "Kushoto, Moi Avenue." Basi. Ukianza na "baada ya mita ishirini tafadhali jiandae" matatu imepita na muziki wake nimekosa sentensi yote.

Kitu kingine kidogo, apu za nje zinapenda kuelekeza kwa uso wa saa, kitu kiko saa tatu maana yake kulia kwako. Sisi mshale ukiwa hapo tunasema saa tisa. Mtu akitafsiri tu hizo apu kuja Kiswahili ananigeuza nyuma mbele. Tumia kulia, kushoto, mbele kidogo kulia.

#4

Mimi naona hizi apu ni kupoteza wakati, samahani kama naudhi. Njia za miguu zenyewe hakuna. Mahali ziko zimejaa wachuuzi na magari yamepaki. Kwani apu itahamisha gari? Pesa ya hizo maneno ingeenda kwa barabara. Mamangu mzee haoni vizuri na shida yake ni mtaro ulioachwa wazi nje ya ploti, hajawahi kulilia apu.

#5

Hujaudhi mtu bosi, na mama umemtaja vizuri kwa sababu wenye uoni hafifu kama yeye ni wengi kuliko wasioona kabisa na wanasahaulika, huyo anahitaji rangi ya njano kwa ukingo wa ngazi na taa, wala si sauti kwa sikio.

Mimi nafundisha watu kutembea na fimbo. Nakubaliana na wewe karibu yote. Vile vigae vyenye vinundu unavyovihisi kwa mguu vilibuniwa na Mjapani, Seiichi Miyake, 1965, vikawekwa mara ya kwanza mji wa Okayama 1967. Havina betri, havihitaji bando, havipati apdeti. Na kwetu Katiba ya 2010 kifungu cha 54 kinasema wazi mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote, kupanda usafiri wa umma na kupata habari. Kwa hivyo kudai njia ni kudai haki, si kuomba msaada.

Ila nakataa hapo kwa "ama hii ama ile". Ata njia ikiwa safi kabisa mwanafunzi wangu bado hajui jengo analopita ni gani. Wewe unasoma kibao. Yeye hiyo habari anaipata wapi? Nimefundisha vijana wanaotembea vizuri mno na bado hawatoki mtaani kwao, kwa sababu hawajui kuna nini nje ya zile njia wanazozijua. Kigae hakisaidii hapo. Na developa akija kwangu namwambia apu yako mpe mtu aliyekwisha kujifunza fimbo, usidhani itachukua nafasi ya mafunzo.

#6

Mimi ni konda. Nimesoma yote hadi hapa. Sista pale juu umesema makanga ndio alama yako ya Ambassadeur hiyo imenifurahisha sana manze, sikujua kelele yetu inasaidia mtu. Nauliza tu, tukiona mtu na fimbo tufanye nini hasa? Kuna wasee wanamshika mkono wanamvuta mpaka ndani ya gari, mimi huona kama si poa lakini sijui ya kusema.

#7 (mwanzilishi wa uzi)

Kaka ubarikiwe kwa kuuliza. Kuvutwa kunatisha, sijui ni wewe ama ni mwizi, na fimbo inakwama watu wanaikanyaga. Sema laini yako karibu nami, "Rongai, dada unaenda Rongai?", nikikubali nipe kiwiko nikishike mimi, na uniambie mlango uko kushoto ama kulia na ngazi ni ya juu. Tukifika uniambie jina la steji. Ukifanya hivyo umeshinda apu zote nilizojaribu.

Na developa someni hapo tena. Kuuliza watu ni sehemu ya kutembea, si dalili ya kwamba teknolojia imeshindwa. Kuna utafiti uliofanywa Kibera, ulichapishwa 2020, kuhusu venye watu wasioona wanatumia simu, na walikuta simu haitumiki na mtu mmoja peke yake, jirani anasaidia hapa, mtoto anasaidia pale, kazi inagawanywa. Mimi nikaona kwangu kabisa. Kwa hivyo tengenezeni apu inayonipa swali zuri la kuuliza. Nikijua niko karibu na jengo fulani naweza kumwambia mpita njia "nionyeshe mlango wa jengo fulani", na huyo atanisaidia kwa sekunde, badala ya "niko wapi hapa", ambalo linamfanya mtu aanze kunihurumia.

#8

Mimi huchora wikendi ramani za OpenStreetMap (OSM), ile ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea, nilivutwa na stori ya Map Kibera, 2009 Kibera ilikuwa doa tupu kwa ramani na vijana wa hapo hapo wakazunguka na GPS wakaichora wenyewe. Pia ile ya Digital Matatus, University of Nairobi na MIT na wengine wakapanda matatu na simu wakarekodi laini na steji mpaka ikaingia Google Maps 2015. Soundscape ilikuwa inakula data ya OSM kwa hivyo naelewa umuhimu. Swali langu, nikienda Jumamosi na simu, nichore nini kwanza ndio kikusaidie wewe?

#9 (mwanzilishi wa uzi)

Huyu sasa ndiye mtu niliyekuwa nikimngoja!

Milango. Kabla ya kitu kingine chochote, milango. Jengo limechorwa kama boksi na apu inanipeleka katikati ya boksi, na katikati ya boksi ni ukuta. OSM ina alama ya lango la kuingilia, weka hiyo, na kama kuna ngazi weka ngazi.

Halafu steji, mahali matatu zinasimama kwa kweli, maana zinahamishwa na kaunti na pia zinajihamisha zenyewe. Hapo ndipo tarehe inahitajika, apu iniambie "steji hii ilithibitishwa mwezi wa tatu" nijue nitaiamini kiasi gani. Halafu madaraja ya miguu, hasa Thika Road, ngazi yake inaanzia wapi, maana kutafuta mwanzo wa daraja kando ya barabara ya kasi namna ile ndio hatari yenyewe. Mitaro iliyo wazi. Mahali njia ya miguu inakatika. Aina ya chini, kama ni lami, kabro ama mchanga, mguu unausikia na unanithibitishia niko mahali sahihi. Taa za barabarani zenye mlio kama utazipata. OSM ina tagi za karibu hivi vyote, shida ni hakuna mtu amezijaza.

Na usiishie kwa macho yako. Hoteli inayokaanga samaki, jenereta isiyozimwa, karakana ya mabati, msikiti, vyote weka. Harufu na kelele zake OSM haina mahali pazuri pa kuziweka, kwa hivyo kwa apu yenyewe natamani nirekodi sauti yangu mahali nilipo, "hapa kuna mteremko, mlango ni wa pili baada ya harufu ya chapati", nikirudi nayo inacheza. Na mpwa wangu anaweza kutembea njia mapema akanirekodia, akanitumia. Hiyo haihitaji AI, inahitaji faili ya sauti na namba mbili za eneo, na inafanya kazi bila bando.

#10

Mimi tena yule wa projekti. Nimeanza upya. Maswali mawili ya mwisho dada, ndani ya majengo kama hospitali na mall je, na lugha iwe gani? Nilikuwa naweka Kiingereza tu kwa sababu sauti zake ni nzuri.

#11 (mwanzilishi wa uzi)

Ndani, GPS isahau. London walijaribu visambaza mawimbi vya Bluetooth kwa stesheni ya Pimlico 2015, mradi wa Wayfindr, ilionyesha inawezekana, lakini vinataka mtu wa kubadilisha betri na kuvisimamia miaka na miaka, na kwa hospitali zetu sioni nani atafanya. Barcelona wanatumia NaviLens, alama za rangi ukutani ambazo kamera inazisoma kutoka mbali bila ya kulenga sawasawa. Karatasi iliyochapishwa haina betri. Na ndani ya hospitali kutoa simu si hatari kama barabarani. Mimi ningeanzia hapo, chumba kimoja kimoja, mapokezi, maabara, duka la dawa, choo.

Lugha, Kiswahili na Kiingereza vyote, nichague. eSpeak, programu ya kusoma maandishi kwa sauti, inasoma Kiswahili, ni kavu kama roboti lakini ni nyepesi, haihitaji mtandao, na sisi tunaosikiliza kwa kasi kubwa tumeizoea. Angalia tu kwamba majina ya barabara yanasomwa sawa, jina la Kikuyu ama la Kihindi likisomwa na sauti ya Kiingereza halieleweki, na nikilitaja hivyo kwa konda atanishangaa. Google walipoweka maelekezo marefu ya sauti kwa wasioona wanaotembea, Oktoba 2019, walianza na Kiingereza kule Marekani na Kijapani kule Japani. Kwetu usingoje mtu.

Na usisahau wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, wengi wetu hatuna simu janja. Mtu akipiga namba akasomewa steji ya laini fulani iko wapi leo, kwa sauti, hiyo pia ni teknolojia ya kuelekeza, na mwenye macho ataitumia pia.

Ukiwa na kitu cha kujaribu, ata kama kimejaa kasoro, nitafute kwa inbox tukutane Railways siku ya kazi, si Jumapili tao likiwa tupu. Kuja na simu ya bei ya chini, betri nusu, na uizime skrini kabla hujanipa. Mwalimu wa #5 kama una nafasi njoo pia na mwanafunzi ambaye hajawahi kufika hapo, mimi hiyo njia naijua sana, nitaifanya apu ya huyu kijana wa #10 ionekane nzuri kuliko ilivyo.